Boti na vifaranga vya serikali: hesabu ya soko la samaki kuanzia Bububu

BUBUBU, Unguja: Msaada wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa wavuvi na wafugaji wa viumbe vya baharini umeongezeka sana tangu mwaka 2020. Hata hivyo, mfanyabiashara anayetaka kuweka mtaji wake kwenye samaki, dagaa, mwani au majongoo bahari anahitaji kujua kwanza msaada huo unaingia hatua gani ya biashara. Si kila unapoingia ndipo faida inapotokea, na wako waliokwisha kuumia kwa kudhani hivyo.

Bububu ni mahali pazuri pa kufanyia hesabu hiyo. Kitongoji hiki, kilichokuwa kituo cha mwisho cha reli ndogo ya kutoka mjini mwanzoni mwa karne ya 20, kiko katikati ya mambo matatu. Kusini yake kidogo, Beit-el-Ras, kuna kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya viumbe vya baharini. Kaskazini, kuanzia Kama hadi Mangapwani, ndiko wanakochemshia na kuanika dagaa wanaokwenda Kongo. Na kwa daladala namba 502 mchuuzi anafika Darajani asubuhi hiyo hiyo, na hatua chache kutoka hapo ni soko na diko la Malindi, lililojengwa upya kwa msaada wa Japani. Mzigo wa samaki unaoshuka pwani ya Bububu, kwa hiyo, una njia zaidi ya moja ya kwenda, na bei yake hutegemea njia iliyochaguliwa kabla jua halijawa kali.

Mwanzo wa mambo haya ni Sera ya Uchumi wa Buluu ya mwaka 2020. Baada ya Dk. Hussein Ali Mwinyi kuingia madarakani Novemba mwaka huo, iliundwa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, jambo lililoitoa sekta ya uvuvi kwenye kivuli cha kilimo na mifugo ilikokuwa imekaa miaka mingi. Fedha nazo zikafuata. Septemba 2021 Shirika la Fedha Duniani (IMF) liliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567.25 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na katika fedha hizo Zanzibar ilipata sh. bilioni 230. Sehemu yake ilielekezwa kwenye uchumi wa buluu, na ndiyo iliyozaa mamia ya boti za faiba walizokabidhiwa wavuvi na wakulima wa mwani wa Unguja na Pemba. Kabla ya hapo kulikuwa na mradi wa SWIOFish wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2015 kwa dola milioni 36 kwa Tanzania yote, na baadaye ukaja mpango wa AFDP unaosaidiwa na mfuko wa IFAD. Kwa wenye mitaji midogo kuna mikopo isiyo na riba inayopitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA.

Ukizijumlisha zote, sehemu kubwa ya msaada huu inaonekana upande wa kuvua na kuzalisha: boti, mashine, nyavu, kamba za mwani, vifaranga. Hilo linaeleweka. Sensa ya wavuvi ya mwaka 2010 iliwahesabu zaidi ya 34,000 visiwani, wengi wao wakitumia ngalawa, mitumbwi na madau yasiyoweza kwenda mbali, na idadi imepanda tangu wakati huo. Wote hao hugombania maji yale yale ya ndani ya miamba. Boti yenye mashine humtoa mvuvi kwenye msongamano huo na kumpeleka kwenye jodari na nguru, angalau kwa nadharia.

Kwa vitendo, boti ni mwanzo wa gharama. Mashine inakula petroli kila siku, iwe bahari imetoa au imenyima. Boti isiyo na sanduku la barafu hurudi mapema, kwa hiyo haiendi mbali, na mvuvi hujikuta pale pale alipokuwa akivua kwa tanga, sasa akiwa na deni. Boti za kikundi zina shida yake pia: kumi wanagawana samaki, lakini mashine ikiharibika anatafutwa mmoja wa kuitengeneza. Mkopeshaji mwangalifu huuliza kwanza nani anashika fedha za matengenezo, ndipo aulize urefu wa boti.

Dagaa: jua ndilo tajiri

Biashara inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika ukanda huu ni ya dagaa mchele. Zamani dagaa walikuwa mboga ya nyumbani na chambo. Kuanzia miaka ya 2000 wafanyabiashara kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walianza kuja wenyewe kununua, na dagaa wa Unguja wakawa bidhaa ya kusafirishwa nje. Huvuliwa usiku kwa taa, nyavu zikizungushwa kundi linapokusanyika kwenye mwanga. Kwa sababu hiyo kazi inafuata mwezi: siku za giza boti zinatoka, mbalamwezi ikiwa kubwa zinapumzika, kwani samaki hawaifuati taa. Anayepanga kununua lazima apange kwa kalenda ya mwezi, na mwenye mkopo wa marejesho ya kila wiki atajikuta anatakiwa kulipa wiki ambayo hakuna boti iliyotoka.

Alfajiri mzigo ukifika diko hupigwa mnada. Wachemshaji, wengi wakiwa wanawake na vijana, hununua kwa ndoo, hupeleka kwenye masufuria makubwa ya maji ya chumvi, halafu huanika. Baada ya hapo dagaa hutiwa kwenye viroba, huvuka kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko hupakiwa kwenye malori, wengine kupitia Tunduma na Zambia hadi Lubumbashi, wengine kuelekea Kigoma. Kila kituo kina gharama yake, na mwenye mzigo anayepiga hesabu ya ushuru na vibali vya upande mmoja wa bahari tu amepiga nusu ya hesabu.

Sasa chukua mfano, ambao ni wa kuonyesha hesabu tu na si bei ya soko. Dagaa wabichi kilo 400 hutoa kilo 100 hivi za dagaa wakavu iwapo jua ni zuri. Kilo mbichi ikinunuliwa kwa sh. 1,500, mzigo mzima ni sh. 600,000, yaani sh. 6,000 kwa kila kilo kavu, kabla ya kuni, chumvi, vibarua na usafiri. Mvua ikinyesha siku ya kuanika na kuharibu robo ya mzigo, zinabaki kilo 75, na gharama ya ununuzi inaruka hadi sh. 8,000 kwa kila kilo iliyosalimika. Hapo mchemshaji amepoteza sh. 2,000 kwa kilo bila ya mtu yeyote kumwibia.

Linganisha na msaada wa boti. Tuseme boti mpya zimeongeza dagaa sokoni na bei ya mbichi imeshuka kwa sehemu moja ya kumi, yaani sh. 150. Kwa kilo nne za mbichi zinazotoa kilo moja kavu, nafuu ni sh. 600. Kwa mfano huu, chanja nzuri ya kuanikia au kikaushio cha jua chenye paa la nailoni kinamwokolea mchemshaji, siku ya mvua, zaidi ya mara tatu ya kile anachopewa na boti mpya siku zote. Tena dagaa waliokaushwa juu ya chanja hawana mchanga, na mnunuzi wa nje huwapangia daraja tofauti na wale walioanikwa chini.

Hii ndiyo sababu baadhi ya wafanyabiashara wanaona kwamba shilingi inayofuata ya serikali ingefaa ielekezwe nchi kavu: sakafu za kuanikia, vikaushio, majiko yanayotumia kuni kidogo, maghala yasiyovuja. Kwa mwekezaji mdogo maana yake ni nyepesi zaidi. Pale ambapo serikali haijafika, huduma inauzika. Mtu mwenye eneo karibu na diko, chanja na paa anaweza kukodisha nafasi kwa wachemshaji kwa kiroba, akala sehemu ya biashara ya dagaa bila kumiliki wavu hata mmoja. Hali kadhalika barafu. Maji ya chemchemi yaliyolijengea jina eneo la Bububu tangu enzi za Sultani Barghash, yalipochukuliwa kwa mfereji hadi mjini, si kitu kigeni hapa. Kigeni ni mtambo wa barafu ulio karibu na boti saa kumi ya alfajiri.

Vifaranga vya Beit-el-Ras

Upande wa ufugaji, hatua kubwa ilikuwa kujengwa kwa kituo cha Beit-el-Ras kwa fedha za Jamhuri ya Korea kupitia KOICA, na utaalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), kazi iliyokamilika mwishoni mwa miaka ya 2010. Kituo hicho ni cha kuzalisha aina kadhaa, zikiwemo majongoo bahari, kaa na mwatiko. Kabla yake mfugaji wa mwatiko alitegemea kuokota vifaranga kwenye vijito vya mikoko, leo wapo, kesho hawapo, na hakuna benki inayokubali kukopesha bwawa ambalo mbegu yake ni bahati. Kwa hiyo thamani ya kituo kwa mfanyabiashara iko kwenye uhakika wa mbegu kuliko kwenye bei yake. Swali la kuuliza kabla ya kuchimba bwawa au kuzungushia uzio ni moja: vifaranga vitapatikana vingapi, mwezi gani, na nani yuko mbele kwenye foleni.

Majongoo bahari ndiyo yanayovutia wengi, kwa sababu wanunuzi wa China na Hong Kong hulipa vizuri jongoo mchanga aliyekaushwa kwa ufundi. Lakini biashara hii haina haraka. Jongoo huhitaji mwaka mmoja hivi, wakati mwingine zaidi, kufika ukubwa wa kuuzwa, na akikaushwa hubaki na uzito mdogo sana, chini ya sehemu ya kumi ya alivyokuwa hai. Kwa mfano wa hesabu tena: mtu akipandikiza vifaranga 1,000, wakasalimika 700, kila mmoja akifika gramu 400 na kubaki gramu 20 baada ya kukaushwa, anapata kilo 14. Wakisalimika 300 anapata kilo 6. Gharama ya uzio na mlinzi ni ile ile katika hali zote mbili. Kinachoamua faida, basi, ni wangapi wanaobaki hai, na adui wa kwanza mara nyingi ni mwizi wa usiku wakati wa maji kupwa. Kaa mla vifaranga anakuja nyuma yake. Vikundi vilivyoweka shamba mbele ya macho ya kijiji na kuafikiana na wavuvi jirani vina nafasi nzuri kuliko mwekezaji wa mjini aliyekodi eneo asilolijua na kumwachia mlinzi mmoja.

Mwatiko ana faida ndogo kwa kilo, lakini soko lake liko hapa hapa. Zanzibar ilikuwa na watu karibu milioni 1.9 katika sensa ya 2022, na mwaka 2024 iliingiza wageni zaidi ya 700,000. Wageni hawa huvuta juu bei ya pweza, kamba na nguru, na samaki wakubwa wanapokwenda hotelini, mwenyeji hutafuta kitoweo kingine. Siku za kusi, bahari inapochafuka na boti kukaa pwani, mwenye bwawa la mwatiko anaweza kuuza siku ambayo Malindi haina kitu. Kuuza siku ya uchache ndiyo faida yake yote. Anayevuna siku ya neema anashindana na bahari, na bahari haina gharama ya chakula cha samaki.

Duniani kote mwelekeo ni huo wa kufuga. Takwimu za FAO zinaonyesha kwamba mwaka 2022 samaki na viumbe wengine wa kufugwa walifikia tani milioni 94.4 na kwa mara ya kwanza wakazidi wale waliovuliwa. Ila wingi huo umetoka Asia, ambako mbegu na chakula cha samaki vina viwanda vyake. Unguja mbegu imeanza kupatikana. Chakula bado ni mzigo wa mfugaji.

Mwani na swali la bei

Mwani una historia ndefu zaidi. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na kikawapa maelfu ya wanawake fedha zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Aina mbili ndizo zinazolimwa. Spinosamu hustawi kwa urahisi lakini bei yake ni ya chini. Kotoni ina bei nzuri, lakini tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa katika maji ya kina kifupi yanayopata joto. Boti za wakulima wa mwani zina mantiki hapa kuliko ilivyo kwa wavuvi, kwa kuwa kotoni inahitaji maji ya kina na baridi zaidi, ambako mkulima hawezi kufika kwa miguu na mzigo wa kamba, taitai na mambo.

Serikali pia imechagua njia ya kiwanda, Chamanangwe huko Pemba, ili mwani usiondoke mkavu tu kwenye viroba. Nia hiyo haina ubishi. Mwenye mtaji akumbuke tu kwamba bei ya mwani haipangwi Paje wala Chamanangwe. Indonesia na Ufilipino ndizo zenye mzigo mkubwa, na wanunuzi wa karajinani, ile gundi ya mwani inayotumika kwenye maziwa, nyama za makopo na dawa za meno, huangalia huko kwanza. Bei ya kununulia ikipandishwa visiwani kwa agizo na ya dunia isipande, mtu mmoja kati ya mkulima, kampuni na hazina atalipa tofauti hiyo.

Mifano ya sera kugonga ukuta wa soko iko karibu. Meli za kigeni za bahari kuu hupewa leseni na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, chombo cha Muungano chenye makao yake Fumba. Tozo ya senti 40 za dola kwa kila kilo ya samaki ilipoanza kudaiwa, meli hazikulipa, ziliondoka, na mapato ya leseni yakaondoka nazo, hadi tozo ilipofutwa. Aidha samaki wa meli hizo kwa kawaida hawashuki Malindi wala Dar es Salaam, kwa hiyo leseni ikiongezeka huongeza fedha za serikali bila kuongeza hata mkia mmoja mnadani. Tanzania Bara nayo ilianza mwaka 2023 kujenga bandari ya uvuvi Kilwa Masoko kwa zaidi ya sh. bilioni 260. Bandari kama hiyo ikipokea meli kubwa, jodari wa bei ya jumla anaweza kuvuka kuja visiwani badala ya kutoka visiwani, na aliyejenga chumba cha baridi Unguja kwa kutegemea jodari wa boti za hapa itambidi apige hesabu upya.

Liko na jambo la nje lisilozungumzwa sana madikoni. Mkataba wa Shirika la Biashara la Dunia (WTO) kuhusu ruzuku za uvuvi, uliopitishwa Juni 2022, ulianza kutumika Septemba 15, 2025. Unakataza ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa samaki ambao tayari wamevuliwa kupita kiasi. Watafiti walikadiria ruzuku za uvuvi duniani kuwa dola bilioni 35.4 mwaka 2018, na zaidi ya nusu yake ni zile za kuongeza uwezo wa kuvua: mafuta, boti, mashine. Nyingi ya hizo zilikuwa za mataifa makubwa, wala boti ya faiba ya Bububu si shabaha ya mkataba. Bado swali lake linaihusu pwani hii. Boti zikiongezeka na samaki wa miamba wasiongezeke, kila boti hupata kidogo zaidi. Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya mwaka 2010 ilikataza zana haribifu kwa sababu hiyo hiyo, na vijiji vinavyofunga maeneo ya pweza kwa miezi kadhaa vimeonyesha kwamba siku ya kufungua huleta pweza wakubwa na wanunuzi wengi kwa pamoja.

Kwa anayetaka kuingia sasa, utaratibu wa kawaida wa madikoni bado unafaa: akae giza mbili nzima za mwezi akihesabu ndoo zinazoshuka, zinazochemshwa na zinazotupwa, kabla hajatoa fedha. Msimu wa kaskazi, Novemba hadi Machi, ndio wenye bahari tulivu na jua la kuanikia. Mvua za vuli huangukia mwanzoni mwake na masika hufuata mwishoni, kwa hiyo anayejenga chanja awe amemaliza kuezeka kabla ya Oktoba kwisha.